Beringi ya mashine ya peleti: grisi au mpya?

Shafti ya mashine ya peleti (vidonge vya pumba iliyoshindiliwa) ikianza kunguruma, wengi hukimbilia bomba la grisi. Ni rahisi, na kama beringi imekaukiwa tu, kelele hupungua papo hapo. Lakini zima umeme, vua mkanda, kisha tikisa shafti kwa mkono. Ikicheza, au ikizunguka kwa kukwaruza, njia ya gololi imeshachimbika, na hakuna grisi inayoziba mashimo hayo. Hapo mpya ndiyo nafuu, maana shafti inayoyumba hula rola na sahani ya matundu inayotoa peleti, na hivyo ndivyo vipuri vya bei mbaya. Badilisha pia sili, yaani kizuizi cha vumbi cha beringi. Vumbi la pumba hupenya hapo. Unapopachika beringi mpya kwenye shafti, gonga ringi ya ndani, kamwe si ya nje. Grisi ihimili joto, na usiishindilie: ikizidi, beringi huchemka.