CDF ya kastomu kwa maikroarei: programu ipi uchukue, ipi uiache

Kama una data ya chipu za Affymetrix (maikroarei, yaani chipu zinazopima jeni nyingi kwa mpigo) na bado unatumia CDF (faili linalosema kila probu iko kwenye seti gani) iliyokuja na chipu yenyewe, soma hii kabla hujalipia leseni yoyote. HG-U133, chipu ya jeni za binadamu, ilipangwa kwa kufuata UniGene (hifadhidata iliyopanga mifuatano ya DNA kwa jeni) toleo la 133, mwaka 2001, rasimu ya jenomu ya binadamu ndo kwanza imetoka, probu (vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jeni) zimebaki zilezile za herufi 25 lakini tunachojua kuhusu kila probu inashika jeni gani kimebadilika mno, nyingine zinashika jeni mbili, nyingine hazishiki kitu kabisa. Ukiziacha hivyohivyo unaweza kuripoti jeni ambayo hukuipima.

Namba moja kwangu ni BrainArray ya University of Michigan, ile ya Dai na wenzake wa 2005. Ni bure, wameshalinganisha probu upya na jenomu, wametupa zenye utata halafu wakapanga seti za probu kwa hifadhidata za jeni za Entrez, Ensembl au RefSeq, wewe unachagua. Angalia jeni ya DDR1: kwenye CDF ya kiwanda utakutana na 1007_s_at, kwenye ya Entrez inakuwa 780_at, na hiyo 780 ndo namba ya jeni yenyewe, yaani jeni moja seti moja, huhangaiki tena kuchagua kati ya seti kadhaa zinazopingana. Ila kuwa makini, seti inaruhusiwa kuwa na probu 3 tu wakati jirani yake ina 30, kwa hiyo usiziamini sawasawa, cheki idadi kwanza. Na vesheni uliyotumia iandike kwenye methodi, tafadhali sana, maana ukibadilisha vesheni katikati ya kazi hata orodha ya jeni inabadilika.

Ya pili ni affxparser pamoja na aroma.affymetrix, paketi za R (lugha ya programu ya takwimu), kwa mtu anayetaka kutengeneza CDF yake mwenyewe, labda spishi yako haina iliyo tayari au unataka kutoa probu zenye SNP (herufi moja ya DNA inayotofautiana ndani ya spishi). Unasoma CDF, unahariri, unaandika mpya. Geuza iwe ya binari kwa convertCdf, ya maandishi inasomeka polepole mpaka inakera. Aroma inabeba mamia ya arei bila kumaliza RAM, hapo haina mpinzani.

Tatu, oligo na pdInfoBuilder, nazo ni paketi za R. Kwa chipu za Gene ST na Exon ST anzia hapa, usilazimishe affy, paketi ya zamani ya R ya chipu za Affymetrix, yenyewe itakuambia haikuundwa kwa chipu hizo.

altcdfenvs nzuri kwa majaribio madogo ndani ya R, basi. ArrayInitiative ya 2011 iliwalenga watu wasioandika kodi, wazo zuri, ila mradi mpya nisingeuanzishia hapo.

Za kulipia kama Partek Genomics Suite na GeneSpring zinakupa grafu nzuri na mtu wa kumuuliza, lakini hiyo siyo kazi tunayoizungumzia hapa. Ukitaka kununua yoyote, mpe muuzaji faili zako za CEL (vipimo ghafi vya chipu), siyo za demo yake, mwambie azisome kwa CDF ya BrainArray wewe ukiwa unaangalia, na akisema hilo litakuja kwenye vesheni ijayo usisaini.