Hilux ya mizigo: LSD au difu loki?

Pikapu tupu ikikanyaga matope, difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) hulizungusha tairi lenye utelezi, na lile lililoshika ardhi linatulia tu kama mgeni. Dawa ni mbili.

LSD (limited-slip differential, difu inayopunguza utelezi) ina sahani za klachi zinazobanana ndani ya difu, hivyo nguvu kiasi inabaki kwa tairi lililoshika. Inafanya kazi yenyewe, hubonyezi kitu. Kwa barabara ya changarawe na mvua za masika, mimi naipenda. Udhaifu wake ni kwamba tairi moja likining'inia hewani kabisa, msaada unakuwa mdogo. Kuvuta hendibreki kidogo kidogo husaidia wakati mwingine. Sahani nazo zinaisha, na zinataka oili iliyoandikwa LSD.

Difu loki hufunga shafti zote mbili za tairi zizunguke sawa, asilimia 100. Kwenye shimo haina mpinzani. Ila ukiisahau imewaka kwenye lami, kona inakuwa nzito, tairi zinalia na shafti inaweza kukatika.

Ukinunua difu ya mtumba, usiamini maneno. Inua tairi zote mbili za nyuma kwa jeki, weka stendi, gia frii, zungusha moja kwa mkono. La pili likirudi kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, au LSD iliyokwisha sahani. Likifuata upande uleule, LSD bado inabana. Kama gari ni fobai (4x4, yaani linavuta tairi zote nne), hesabu ya meno ya gia za difu lazima ilingane na difu ya mbele.

Yangu hubeba mahindi, siyo mashindano. Nilifunga LSD.