Kufundisha mshikamano wa Kiingereza kwa mashairi: uzoefu wangu

Walimu wenzangu wa Kiingereza wanaijua insha ile ambayo kila sentensi ni sahihi, lakini sentensi hazishikani, yaani insha haina mshikamano. Mazoezi ya kujaza viunganishi hayakuwasaidia sana wanafunzi wangu. Waliishia kubandika "however" na "moreover" kila aya. Mabadiliko niliyaona nilipoanza kutumia mashairi, hasa moja: "A Poison Tree" (Mti wa Sumu) la mshairi Mwingereza William Blake, la mwaka 1794.

Lina mishororo 16 tu. Msimulizi ana hasira na adui yake, anaificha, hasira inakua hadi inazaa tofaa, adui ananyemelea usiku, na asubuhi anakutwa amenyooka chini. Neno "it" limo mara 7. Kazi ninayotoa ni kuchora mshale kutoka kila "it" hadi kwenye kile inachokirejelea. Mishale ya mwanzo inarudi kwenye "wrath" (hasira) bila taabu. Wakifika "And my foe beheld it shine", darasa linagawanyika: kinachong'aa ni hasira au tofaa? Nawaacha wabishane, maana ubishi huo ndio somo lenyewe. Kwetu sisi ngeli zingemaliza kesi mara moja: hasira inakua, tofaa linang'aa. Kiingereza hakina msaada huo. Msomaji lazima arudi nyuma kutafuta, na mwandishi lazima ahakikishe anachotafutiwa kipo na kiko wazi.

Kisha ubeti wa mwisho unaanza "And into my garden stole". Nani aliyenyemelea? Kitenzi hakina mtendaji. Inabidi wavuke hadi ubeti uliotangulia wakamkute "he". Sijapata mfano wa udondoshaji, yaani kuacha neno ambalo msomaji analijaza mwenyewe, unaoeleweka haraka kama huu.

Na mti wenyewe? Ukiacha kichwa cha shairi, hautajwi hadi neno la mwisho kabisa. Hata hivyo kila mmoja ameshauona, kwa kuwa kuna kumwagilia, jua, kukua, kuzaa, bustani. Wanaisimu Halliday na Hasan, mwaka 1976, waliugawa mshikamano katika mafungu matano: urejeleo (kama "it" zile), ubadala (neno moja kushika nafasi ya jingine), udondoshaji, viunganishi na msamiati (maneno yanayohusiana kimaana, kama haya ya mti). Hilo la msamiati nilikuwa nalipita juu juu kwa miaka. Sasa ndilo ninalolifurahia zaidi kulifundisha.

Tukimaliza shairi, kila mtu anachukua insha yake mwenyewe na kuchora mishale ileile. Mshale ukikosa pa kwenda, sentensi inaandikwa upya, na mwanafunzi anajua kwa nini bila mimi kusema neno.

Upungufu upo, na mkubwa uko kwenye viunganishi. Mishororo 7 inaanza na "And". Mwanafunzi akiiga hivyo kwenye ripoti atapoteza alama. Kwa viunganishi vya sababu na vya ukinzani bado natumia makala za kawaida. Mpangilio wa maneno nao umepinduliwa mahali mahali, kama "an apple bright" badala ya "a bright apple", kwa hiyo natangaza mapema kwamba mpangilio hatuuigi.

Kwa wanaoanza kabisa silipendekezi. Msamiati utawakwamisha kabla hawajafika kwenye mshikamano. Hao huwa nawatungia beti mbili za maneno mepesi, zenye "he", "she" na "it" tu, na zinatosha.