Golshifteh Farahani juu ya dari la Shangani

Ukumbi mdogo wa filamu ulio juu ya dari la nyumba moja ya Shangani, Mji Mkongwe, umeanza utaratibu wa kumshughulikia msanii mmoja kwa mwezi mzima, na safari hii zamu ilikuwa ya Golshifteh Farahani, mwigizaji mzaliwa wa Tehran aliyeihama Iran mwaka 2008 na kuanza upya Ufaransa. Kiingilio ni shilingi 5,000, kahawa na kashata zikiwa humo humo, bei isiyo na wa kuilalamikia.

Sifa kubwa ya huduma hii ni mpangilio wa filamu. Ilitangulia About Elly ya Asghar Farhadi, aliyoicheza kabla hajaondoka kwao, ambamo yeye ni Sepideh, mwanamke anayewapeleka marafiki mapumzikoni kwenye ufukwe wa Bahari ya Kaspi, huku akiwaficha jambo linalokuja kuwageuka wote. Ikafuata The Patience Stone ya mwaka 2012, inayomweka chumbani na mume aliyepigwa risasi ya shingo, hasemi wala hatikisiki. Filamu karibu nzima inabebwa na uso na sauti yake, akimwambia yule mume yote aliyoyameza tangu kuolewa. Paterson ya mwaka 2016, ambamo ni mke wa dereva wa basi huko Marekani anayepaka mapazia rangi nyeusi na nyeupe, ilikuja mwisho, na ukunjufu wake ulikuwa faraja baada ya ile iliyotangulia.

Kijikaratasi cha maelezo kinaeleza vizuri chanzo cha kuhama kwake: aliigiza na Leonardo DiCaprio katika Body of Lies ya Ridley Scott, kisha akahojiwa na wenye mamlaka na kuzuiwa kusafiri kwa muda. Ninachokipinga ni namna kinavyomsimulia kana kwamba Paris ndiyo iliyomfanya msanii, ilhali alikuwa ameshacheza filamu ya Dariush Mehrjui, mwongozaji wa Iran, akiwa na umri wa miaka 14, na alipoondoka alikuwa nyota kwao. Alichokijenga upya ni kazi yake, tena katika lugha za watu. Kipawa alikwenda nacho.

Mtafsiri naye, anayesimama pembeni na kipaza sauti, ana Kiswahili kizuri na anawasaidia sana wazee wasiofuata maandishi ya Kiingereza, lakini hajui kunyamaza. Katika The Patience Stone kuna mahali mwanamke anakaa kimya kwa makusudi, akimtazama mumewe, na mtafsiri akaujaza ukimya ule kwa maelezo ambayo hakuna aliyeyauliza.

Wenye ukumbi husimamisha filamu wakati wa adhana ya Isha na huirudisha nyuma kidogo wanapoendelea, utaratibu ambao kumbi nyingine zingeuiga. Anayetaka kusikia sauti ya filamu yenyewe akae mistari ya mbele, mbali na jenereta.