Meza ya vitabu vya mtumba Posta, nimeondoka na bibi wa Kihmong
Jamani meza ile msiipite tu. Juzi nasubiri mwendokasi nikaokota kitabu kinachomhusu bibi mmoja Mhmong (kabila la milimani) wa Laos, muuzaji kaanzia elfu tano nikabembeleza hadi elfu tatu. Wanaume wa Kihmong walipigana upande wa CIA, majasusi wa Marekani, kwenye vita vya siri hukohuko Laos, 1975 wakomunisti wakashika nchi, basi bibi na wanae na wajukuu porini, wakavuka mto Mekong mpaka Thailand, kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai, halafu Minnesota, Marekani, kwenye baridi la kufa mtu, na bado yeye ndo msemaji wa mwisho nyumbani (bibi yangu wa Tandika mtupu!). Ila kurasa sita zimechanika, muuzaji kimyaaa. Na chenji hana, nendeni na hela ndogondogo.