Kozi ya daraja E Mwanza: uwanja mzuri, gari tupu

Chuo hiki cha udereva kilicho pembezoni mwa jiji kinapokea wenye leseni ya daraja D wanaotaka kupanda E, daraja la magari makubwa ya mizigo, wakaendeshe Fuso na semi (kichwa cha lori na tela yake). Jina tunaliacha, maana kasoro zake wanazo wengi.

Kinachofanyika vizuri ni ukaguzi wa breki za upepo. Gari husimamishwa tambarare, matairi yakawekewa vigingi, injini ikaunguruma hadi gaji ya upepo ifike 8 (baa). Injini huzimwa, hendibreki ikaachiwa, pedeli ikakanyagwa na kushikiliwa dakika 1. Mshale ukishuka zaidi ya robo ya namba moja, pana uvujaji: tafuta kwenye hosi za tela, kwenye maungio, au kwenye diaframu (mpira wa ndani) ya chemba ya breki. Kisha swichi hufunguliwa bila kuwasha injini, pedeli ikapigwa na kuachiwa mfululizo. Kengele lazima ilie kabla gaji haijashuka chini ya 4. Isipolia, gari halitoki uwanjani. Wanafunzi hufundishwa pia kumwaga maji ya matanki ya upepo kila siku. Yakitoka na oili nyingi, kompresa imechoka. Madereva kadhaa walio barabarani miaka mingi hawajui hatua hizi.

Rivasi ya tela nayo imepewa muda wake. Mwalimu anaanza upande wa kulia, kwa kuwa dereva anaiona tela kupitia dirisha lake, na upande wa utingo unasubiri hadi wiki ya pili. Usukani hupelekwa kinyume na unakotaka tela iende, kidogo kidogo. Kosa la wengi ni kuchelewa kuurudisha: tela inakata kona kali, kichwa kinaikunjikia, na hapo hakuna dawa isipokuwa kusonga mbele na kuanza upya. Kushuka kwenda kuangalia nyuma hakukatwi alama, na ndivyo inavyofaa.

Tatizo liko nje ya uwanja. Mazoezi ya barabarani hupita mchepuko wa Usagara–Kisesa, na gari ni tupu siku zote. Lori tupu linasamehe: linapanda kwa gia yoyote na linasimama karibu. Likipakiwa, linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na mteremko unaoushuka kwa kukanyaga breki muda wote unachemsha bitana za breki mpaka zinakosa mshiko. Gia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, egzosti breki (inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo) ikafanya kazi, na pedeli ikabaki kwa kupunguza tu. Hapa hilo husemwa darasani, halifanywi. Hata tani 5 za mchanga kwenye bodi zingetosha. Na anayetarajia kubeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba ajue kuwa magunia mepesi yaliyorundikwa juu huyumbisha gari kwenye kona kuliko saruji ya uzito uleule.

Uliza pia idadi ya wanafunzi kwa gari. Tulikuta 5 kwenye kipindi cha saa 2, kwa hiyo kila mmoja anashika usukani dakika 24, nyingine zote ni kukaa nyuma na kutazama. Kundi la asubuhi huwa dogo, omba hilo.

Nadharia inatosha. Uzito wa mzani wameuweka ukutani: ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi 4 tani 10, ekseli mbili za pamoja 18, tatu 24, na gari zima lisizidi tani 56. Wanaeleza vizuri kwamba gari linaweza kuwa chini ya 56 likakwama mzani kwa sababu mzigo umesogezwa nyuma mno. Mwendo wa lori la zaidi ya tani 3.5 usiozidi kilomita 80 kwa saa umerudiwa mara nyingi, hadi unachosha.

Anayelenga basi, awe wa kuondokea stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, asijiandikishe hapa akidhani atatoka na daraja C, la magari ya abiria. Hilo linadai cheti cha mafunzo ya magari ya abiria kutoka chuo kinachotambuliwa, kama NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) cha Dar es Salaam, na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, nayo ina mtihani wake kwa madereva wa mabasi. Kabla ya kulipa karo, taka kuona kibali cha chuo na uulize ni daraja gani hasa wameruhusiwa kufundisha.