Urojo wa nyuma ya Darajani: nyota 4, ya tano imepotea Ijumaa

Jamani mie si mtu wa kuandika maoni ya vyakula, lakini huyu mama anaeuza urojo barazani kwake, kichochoro cha nyuma ya soko la Darajani, mjini Unguja, leo ntamsema, tena kwa kheri. Urojo umekolea embe mbichi, si ule wa unga mwingi unaoganda kabla hujafika nusu bakuli. Bajia za moto, kachori ndogo ndogo, mishikaki laini, chipsi za muhogo zinavunjika mdomoni. Chatne ya nazi chumvi kidogo ipungue. Bakuli 3,000 na unashiba.

Ila kilichoniweka pale saa nzima si urojo. Nimesoma diploma ya uongozi masomo ya usiku huku mchana niko stoo ya hoteli moja ya pwani kaskazini, miaka minne, na wallahi mambo nilokuwa nafundishwa darasani nimekuja kuyaona kwa huyu mama, kazini kwangu sikuyaona.

Wasichana watatu. Wa kwanza anaweka viazi, bajia na kachori, wa pili anamwaga urojo, wa tatu chatne na muhogo juu, anakuuliza pilipili, anapokea pesa. Bakuli linakwenda upande mmoja tu, halirudi nyuma. Hakuna anaeinuka, hakuna anaeuliza upawa uko wapi. Urojo ukikaribia kwisha yule wa kati anagonga upawa mara mbili kwenye sufuria, basi wa pesa hapokei tena hata umnyooshee noti, mpaka sufuria jengine lishuke. Toyota huko Japani kuna kamba, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, isipotatuliwa haraka laini nzima ya kuunda magari inasimama. Nenda ukaisimamishe kazi hotelini kwetu uone utakavoitwa ofisini!

Wajapani hao hao wana neno "muda", kwao maana yake upotevu, kazi isoleta faida. Mwalimu alipoliandika ubaoni darasa zima likacheka, mana sie muda ndo kitu tunachopoteza, wao ndo kupoteza kwenyewe. Toyota wanahesabu aina 7, kusubiri imo, kwenda na kurudi bila sababu imo, kulimbikiza vitu stoo imo, na hiyo ya mwisho nilikuwa naifanya mie kwa mikono yangu. Siku moja mpishi mkuu kaniagiza kilo 40 za jodari, nshapokea, mhasibu kasema zirudishe bajeti imekwisha, mvuvi keshaondoka zamani, jioni meneja ananifokea kwa nini wageni wamepewa kuku. Watatu wote mabosi zangu! Henri Fayol, Mfaransa alokuwa injinia wa migodi, aliandika kanuni zake 14 mwaka 1916, mojawapo kwamba mtu apokee amri kwa bosi mmoja. Zaidi ya miaka mia ishapita na habari haijafika kaskazini.

Sasa nyota ilopotea. Ijumaa baada ya sala nikarudi na shemegi yangu, nshamsifia njia nzima, kumbe mama kaenda mazikoni na kijana wake ndo kashika usukani. Kijana ana simu, anapokea oda za wasap, anampigia kelele msichana wa kwanza "hizo za mzigo kwanza", msichana wa pesa nae anasema kwanza walosimama. Mikono ikagongana, bakuli langu likapewa mtu mwengine, upawa umegongwa na pesa zikaendelea kupokelewa. Dakika 35! Shemegi hakusema kitu, ananitazama tu. Wasichana wale wale, sufuria lile lile.

Ukenda, fika kabla ya alasiri, kachori zinamalizika mapema. Chukua chenji, noti ya elfu kumi anaikunjia uso. Na ukichungulia ukaona kigoda cha mama kitupu, pitiliza ukanywe juisi ya miwa.